Kitabu cha Mama Wawili

Nakala kumi za kitabu changu zilifika Kondoa kwa basi la Dodoma, ndani ya boksi la sabuni lililofungwa kamba ya katani, na kwa wiki tatu sikumwonyesha Mama hata moja. Nilizisukuma uvunguni. Kila nilipofagia chumba, ufagio ulifika pale boksi lilipoanzia nikaishia hapo. Kitabu chenyewe kilikuwa cha picha, cha watoto wadogo, kurasa kumi na sita tu, na jina langu lilikuwa kwenye jalada kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimekiota tangu nikiwa chuo cha ualimu. Lakini ndani yake, mara tatu, Mama aliitwa mama wa kambo, na aliyeruhusu ni mimi.

Ili mtu anielewe, lazima nieleze nyumba yetu ilivyokuwa. Baba alikuwa mfanyabiashara wa hapo Kondoa mjini, wa ukoo wa wale waliokuja zamani na misafara wakaoa, wakajenga, wakabaki. Mke wake wa kwanza alikaa naye miaka tisa bila kupata mtoto. Mwisho wake mke huyo akafunga safari mwenyewe mpaka Busi, akaenda kumposea mume wake binti wa mkulima mmoja aliyekuwa akiwauzia karanga. Mjini walimshangaa, na wengine walimcheka waziwazi. Yeye aliwajibu kwamba kama kuna mtu atakuja kukaa jikoni kwake, basi afadhali awe mtu aliyemchagua mwenyewe. Yule binti akaja, akatuzaa sisi watatu, wote wasichana, na mimi ndiye wa kwanza.

Mke mkubwa tulimwita Mama. Aliyetuzaa tulimwita Mama Mdogo. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha. Mama alipotutuma alisema, "Mpelekee mama yako mdogo," nasi tukalichukua jina kama tulivyolisikia. Na wenyewe walikuwa na sharti moja, kwamba mle ndani haisemwi nani katoka kwa nani. Mgeni akiuliza, "Na huyu ni wa nani?", aliyekuwa karibu alijibu, "Wangu." Mara nyingine walijibu wote wawili kwa pamoja, mgeni akabaki ameshika kikombe hajui amtazame yupi. Walipika kwa zamu, wiki kwa wiki, na sisi tulikula chungu cha mwenye zamu na kulala chumba chochote usingizi ulipotukutia.

Ukweli wa nani alinizaa nilikuja kuambiwa na mtoto wa jirani tulipogombania kamba ya kuruka, nami nina miaka kama minane. Nilirudi nalia. Mama Mdogo alinichapa kofi moja la mgongo kwa kuleta maneno ya barabarani ndani ya nyumba ya watu, na Mama akaninawisha uso. Hawakukana wala hawakukubali. Nilikula ubwabwa wa nazi siku hiyo, na nazi Kondoa si kitu cha kila siku, kwa hiyo nikajua kwamba jambo lile lilikuwa zito.

Baba alifariki nikiwa sekondari. Watu walikaa wakisubiri nyumba igawanyike, kila mwanamke ashike njia yake. Wale wawili wakakaa eda pamoja, wakatoka eda pamoja, wakafungua tena milango ya duka. Ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa inaanza, serikali imelegeza biashara. Duka ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na rafu tupu na mizani ya kupima hewa lilianza kuingiza sabuni, mafuta, khanga, na baadaye marobota ya mitumba kutoka Arusha. Mama alikaa kaunta. Mama Mdogo alizunguka minadani na robota kichwani, Jumatatu huku, Alhamisi kule, na akirudi sauti imekauka kwa kunadi. Nguo za wazungu ambao siwajui ndizo zilizonipeleka chuo cha ualimu. Nikisema nawashukuru wale wanawake, sisemi kwa adabu tu. Najua kila sketi iliyouzwa.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kikawa Busi, kijijini kwa kina Mama Mdogo. Nilipewa darasa la kwanza, watoto wengi kuliko madawati, na wengi wao Kiswahili walikijulia hapo hapo darasani, maana kwao ni Kirangi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya kadibodi, urithi wa mwalimu aliyenitangulia. Ilikuwa picha ya familia. Baba amekaa kwenye kiti cha kuegemea anasoma gazeti. Mama ameshika birika. Watoto ni wawili, wa kike na wa kiume, wamevaa viatu na soksi humo humo ndani ya nyumba.

Siku nilipofundisha maneno ya familia niliwauliza wanaona nini. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, wengine wamekwenda shamba?" Mwenzake akamjibu kwamba hapana, hawa ni wageni wamefikia mahali, ndiyo maana hawajavua viatu. Wakajadiliana hivyo wenyewe, wakakubaliana kwamba bibi yuko jikoni, na kwamba yule baba anaumwa mguu, kwa sababu hakuna mtu mzima anayekaa kitako asubuhi namna ile. Nilicheka mpaka nikaegemea ubao.

Nikiwa njiani kurudi nyumba ya walimu kicheko kiliniisha. Katika darasa langu kulikuwa na mtoto anayelelewa na bibi yake peke yake. Kulikuwa na watatu wa baba mmoja na mama wawili, wamekalia dawati moja, hawataki kutenganishwa. Kulikuwa na msichana ambaye dada yake wa darasa la sita ndiye aliyekuwa akipika, kwa sababu wazazi wote wawili walikuwa wameondoka kwa ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kunong'ona. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa pale ukutani. Na mimi sikuwepo, wala Mama, wala Mama Mdogo. Niliona hasira, na hasira zangu huwa zinahitaji kazi ya kufanya.

Kazi ikapatikana. Miaka hiyo hiyo ya soko huria wachapishaji binafsi walikuwa wakichomoza, na mradi mmoja wa vitabu ukabandika tangazo ofisini kwa afisa elimu. Ulitaka walimu wa mkoa wetu wanaoweza kutunga. Waende Dodoma wiki mbili, watunge vitabu vya picha kuhusu familia za aina mbalimbali, na vitakavyofaa vitachapwa na kugawiwa mashuleni. Niliandika hadithi yangu kabla hata sijajaza fomu. Ilianza mtoto anapozaliwa, ikaisha familia nzima inapokula pamoja siku ya Idi. Ndani yake kulikuwa na Mama na Mama Mdogo, kama tulivyowaita.

Dodoma ilikuwa na upepo wa kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Tulikuwa walimu kumi na wawili, na kila mmoja alikuja na nyumba yake mfukoni. Mmoja wa kutoka Mtera aliandika juu ya baba anayelinda mitambo ya bwawa na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi na sambusa zilizopoa. Mwingine, mwanamume mnene mwenye haya, aliandika juu ya baba anayemsuka binti yake nywele, na aliposoma sauti ilimkwama, tukajua mke wake alikwisha kufa. Sijapata tena wiki mbili za namna ile. Tulisomeana, tukacheka, tukakosoana bila kuonea. Mpaka leo nawashukuru wale watu, na wengi wao sijawaona tena.

Mhariri wetu alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam, mpole, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alipofika kwenye hadithi yangu alisoma mara mbili, akaniita pembeni.

"Mwalimu, hapa mtoto atapotea. Mama Mdogo si mdogo wake mama?"

"Hapana. Huyo ndiye aliyemzaa."

"Na huyu Mama ni nani?"

"Ndiye mama yake."

Akavua miwani. "Mwalimu wangu, nisaidie. Mtoto wako katika hadithi ana mama mmoja au wawili?"

"Wawili."

"Na wa kumzaa ni yupi?"

"Hilo kwetu halisemwi."

"Basi kitabuni itabidi lisemwe," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akipigana na wenzake ambao hawakutaka kabisa kitabu chenye wake wawili, na aliona kikieleweka vizuri kitapita. Akapendekeza aliyezaa aitwe Mama, kama ilivyo kila mahali, na yule mwingine aitwe mama wa kambo. Alinipa siku nzima ya kufikiri.

Sikuhitaji siku nzima, na hiyo ndiyo aibu yangu. Kufika chakula cha mchana nilikuwa nimekubali. Nilijua neno lile lilivyo. Kila mtoto anayesimuliwa hadithi kwa Kiswahili anamjua mama wa kambo, yule anayempa mwanawe nyama na wa mwenziwe mifupa. Nilijua, nikakubali, kwa sababu nilitaka kuona jina langu kwenye jalada.

Mchoraji naye akaongeza lake. Alikuwa kijana mwenye kipaji, kazi yake ya kila siku ni kuchora mabango ya saluni na hoteli ambazo wakati huo zilikuwa zikifunguliwa kila kona, kwa hiyo watu wake wote walikuwa na nywele nzuri. Ukurasa wa mwisho, ule wa Idi, alikwisha kupanga sinia katikati, baba, Mama wa kitabuni na watoto wamelizunguka, akakuta mkeka umejaa. "Huyu wa pili nimweke wapi, Mwalimu?" akauliza. Nikamwambia amweke popote. Akamchora amesimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje.

Kwa hiyo boksi lilipofika, ndivyo kitabu kilivyokuwa. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa shule ya mjini, naishi nyumbani tena, na kila siku nilijiambia kesho nitamwonyesha. Mama akanitangulia. Alikwenda msibani, akarudi, akavua viatu, akaniita kwa sauti ya chini ambayo tangu utoto niliiogopa kuliko ya juu.

"Mwanangu, nasikia umetoa kitabu."

"Ndiyo, Mama."

"Nimepewa hongera na watu watatu msibani. Nikaitikia. Nikasema ahsanteni, na mimi sijui naitikia nini."

Akaniambia nikilete Ijumaa baada ya swala ya alasiri, atakuwa na nafasi.

Ijumaa ile walikaa wote wawili barazani upande wa ua, kwenye mkeka, Mama Mdogo akichambua kunde. Nikaamkia, nikaitikiwa. Mama akanawa mikono kwanza, maana kwake kitabu hakishikwi na mikono ya kazi, akatandika khanga safi mapajani. Mama hakupata kwenda shule. Alisoma madrasa, na hapo hakuwa na mchezo. Kurani aliihitimu akiwa binti mdogo, na barua za baba yake alizohifadhi kwenye kasha zilikuwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, anazisoma bila kusitasita. Lakini herufi zetu hizi za shule hakuzijua hata moja.

Nikampa kitabu. Akakigeuza, akakifungua kutoka kulia, kama anavyofungua kila kitabu. Akaanza na ukurasa wa mwisho.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mama Mdogo akanitazama, nikaufunga.

"Huyu wa mlangoni ni mimi," akasema Mama.

"Ndiyo, Mama."

Akasogeza ukurasa mbali kidogo na macho, akautazama vizuri. "Mchoraji huyu amelelewa. Ameanza na mwenye nyumba." Na kweli, kwetu siku ya Idi mwenye nyumba hakai kwanza. Husimama mlangoni akikaribisha watu mpaka wa mwisho aingie. Kila Idi ya utoto wangu Mama alisimama pale, na mimi niliyekula mbele yake miaka yote hiyo sikulikumbuka hilo hata kidogo siku ile mchoraji aliponiuliza.

Akaendelea kufunua, kila ukurasa akiueleza. Watoto wakaenda shule. Watoto wakapungua urefu. Mmoja akapata homa, akakandwa kwa kitambaa. Yule wa kwanza akawa mchanga, amebebwa mgongoni na mwanamke mkubwa kwenda kuteka maji. Mwishowe akafika kwenye ukurasa wa kwanza, mwanamke kijana amelala kitandani na kichanga kifuani.

"Na hapa nimeshampa mwenzangu," akasema, akakifunga. "Kitabu kizuri. Mungu akubariki, mwanangu."

Sikuelewa maneno yale ya kwanza. Nilidhani ameyaunganisha tu mambo yalivyomjia, kwa kuwa alianzia nyuma. Nilijiona nimepona.

"Haya," akasema, "sasa nisomeeni maneno."

Mama Mdogo akaweka ungo chini, akakung'uta mikono. Yeye alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, na alikuwa akipenda sana kuombwa asome. Alisoma kwa sauti kubwa, kama anahutubia mnada, kidole kinafuata kila neno. Ukurasa wa kwanza akasoma, "Mama amejifungua mtoto." Nikaona kidogo uso wake unajikunja. Akaendelea. Alipofika ukurasa wa tano, palipoandikwa "Mama wa kambo alinibeba mgongoni kwenda kisimani," kidole kikasimama. Akanitazama. Sijapata kutazamwa vile na mtu anayenipenda. Kisha akasoma kwa sauti ile ile kubwa, "Mama alinibeba mgongoni kwenda kisimani."

Kuanzia hapo akawa anaisahihisha nyumba yetu huku anasoma. Palipoandikwa Mama alisema Mama Mdogo. Palipoandikwa mama wa kambo alisema Mama. Alifanya hivyo mpaka karibu na mwisho, jasho limemtoka, na mimi natazama sakafu.

"Mwenzangu," Mama akamkatiza. "Hebu simama. Kidole chako kimepita maneno matatu, mdomo umetoa moja. Na kule mwanzo hivyo hivyo. Unaruka nini?"

"Siruki kitu, Dada. Macho tu."

"Macho yako yanaona sindano chini ya mkeka."

Nikaona siwezi kumwachia Mama Mdogo dhambi yangu. Nikasema kilichoandikwa. Nikasema pale kuna mama wa kambo, mara tatu, na kwamba aliyelitaka ni mhariri lakini aliyekubali ni mimi.

Mama akalirudia neno taratibu, kama mtu anayepima nguo mwilini. "Mama wa kambo. Yule wa hadithi."

"Ndiyo, Mama."

"Na vitabu hivi viko wapi?"

"Vimegawiwa mashuleni."

"Na Busi?"

"Na Busi."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa wiki tatu nzima, ya watoto wasije wakachanganyikiwa, ya taratibu za uchapishaji. Yote yakanikimbia. "Nilitaka kitoke," nikasema. "Nilitaka jina langu." Nikaanza kulia, mwanamke mzima, mwalimu wa watu.

"Nyamaza," akasema. "Umesema kweli, basi na mimi nitasema yangu, nimechoka nayo. Neno hilo kuna siku moja lilinifaa."

Mama Mdogo akageuka kumtazama.

"Ulizaliwa masika," Mama akaniambia. "Baba yako yuko safarini Singida, mto umejaa, hospitali ng'ambo hakuvukiki, na mkunga tuliyemtumia mtu kumwita hakufika. Alfajiri nikakupokea mimi, kwa mikono hii, sijawahi kumzalisha hata mbuzi. Wewe ukalia vizuri. Mwenzangu akatoka damu nyingi, akazimia. Nikamfanyia nilichojua. Nikamfunika, nikamlowesha midomo. Kisha nikakaa kwenye kigoda na wewe mapajani, na nyumba nzima hamna mtu mwingine."

Akailainisha khanga mapajani ingawa ilikuwa imenyooka.

"Nilikaa miaka tisa bila mtoto, na miwili mingine nikimsubiri wa mwenzangu. Na sasa ninaye, ana joto, ananishika kidole. Nikasema moyoni, huyu akifa, mtoto ni wangu. Nilisema hivyo. Adhana ya adhuhuri ikapita. Nikaswali, lakini sikumwombea. Nikarudi nikakupakata. Nikakaa nikikuimbia mpaka alasiri, ndipo nikaona haya mbele ya Mungu, nikamwombea apone. Nilimwombea kwa machozi, lakini nilichelewa, na Mungu anajua nilichelewa. Alipofumbua macho nikakuweka kifuani kwake pale pale. Ndio huo ukurasa wako. Kwa hiyo mama wa kambo aliyeandikwa humo, mimi namjua. Alikaa nyumba hii tangu alfajiri mpaka alasiri."

Nilishindwa kuinua uso. Nilifikiria maisha yangu yote, miaka yote ile ya kubebwa na kulishwa na kusomeshwa, na kwamba aliyekuwa akifanya hayo alidhani analipia nusu siku. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna deni.

Mama Mdogo ndiye aliyesema. Alikuwa ameuchukua tena ungo, na mikono yake ilikuwa ikitafuta mawe kwenye kunde ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

"Dada," akasema, "mimi nilizinduka adhuhuri."

"Nini?"

"Adhana ndiyo iliyoniamsha. Nikafumbua macho nikakuona umemaliza kuswali, umerudi kwenye kigoda, umempakata. Unamwimbia. Sikuwahi kukusikia unaimba tangu niingie nyumba hii." Akatupa kijiwe uani. "Nikafumba macho tena. Nikasema moyoni, acha Dada naye ashibe kwanza."

Mama akajifunika uso na ile khanga safi aliyokuwa ametandika mapajani, kitabu kikateleza kikaanguka kwenye mkeka, na Mama Mdogo akasogea akakaa karibu naye, bega kwa bega. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na ndipo nilipoelewa kwamba siku yangu ya kwanza duniani kulikuwa na wanawake wawili chumbani, na kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake mtoto.